Uzi: Magari madogo ya kusubu kutoka Brazili, namna ya kuyasoma na kugundua feki kabla hujalipa

#1 · Kalibu_ya_Zamani

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaokusanya magari madogo ya chuma yaliyotengenezwa Brazili kati ya miaka ya 1960 na 1980, au wanaotaka kuanza. Bei zake zimepanda, na pale bei ilipopanda na mafundi wa feki wamefika. Naweka msingi, wenye ujuzi wa rangi, maboksi na vipimo waongeze.

Cha kwanza kukielewa: sehemu kubwa ya magari haya hayakubuniwa Brazili. Kalibu zilisafiri, ama kampuni ya Ulaya ilitoa leseni. Schuco ya Ujerumani ilipofilisika mwaka 1976, modeli zake ziliendelea kutoka Brazili kwa jina la Rei. Solido ya Ufaransa ilikuwa na Brosol, jina ambalo wenye magari makubwa wanalifahamu zaidi kwa kabureta. Corgi Juniors zilitoka kwa jina la Kiko. Matchbox Superfast zilitoka kwa Inbrima. Roly Toys wao walikuwa na magari yao madogo, na Arpra walitoa malori ya Scania na Mercedes-Benz ya skeli 1:50 kwa jina la Supermini.

Mtaona jina la Manaus likijirudia. Mji huo uko katikati ya Amazonia, na Amri Na. 288 ya tarehe 28 Februari 1967 iliufanya eneo huru la viwanda lenye nafuu kubwa za kodi. Ndiyo maana kwenye maboksi na matumbo ya magari mnakuta maneno *Zona Franca de Manaus*.

Sasa, kama bodi ya Rei ilitoka kwenye kalibu ileile iliyotoa bodi ya Schuco, basi bodi peke yake haikuambii gari lilizaliwa wapi. Na hapo ndipo feki nyingi zinapopita. Fundi hana haja ya kusubu chochote. Anachukua gari la kawaida la Uingereza au Ujerumani, la bei ndogo, analipiga rangi inayojulikana kuwa ya Brazili tu, analibadilishia bamba la chini, analitia kwenye boksi lililochapwa jana. Vipande karibu vyote ni halisi. Kilicho feki ni mchanganyiko wake.

Kwa hiyo geuza gari. Anza na tumbo, bodi iwe ya mwisho.

Kwenye bamba la chini tafuta *Indústria Brasileira*, au kifupi *Ind. Bras.*, au *Fabricado no Brasil*. Ukiona *Made in Brazil* usikatae papo hapo, lakini bidhaa iliyolengwa soko la ndani iliandikwa Kireno, kwa hiyo linganisha na picha za modeli hiyohiyo kabla ya kuamini.

Kisha angalia namna maandishi yalivyobadilishwa. Hili ndilo linalokamata wengi. Herufi zilizoinuka kwenye gari zimechimbwa ndani ya kalibu. Kiwanda kikitaka kufuta jina la nchi ya zamani, kinajaza chuma kwenye shimo la kalibu au kinaweka kipande kipya, kisha kinachonga upya. Matokeo yake kwenye gari ni kiraka chenye ukingo mkali, mara nyingi cha mstatili, na uso wake una chembechembe zilezile za kusubu kama sehemu nyingine. Mtu aliyefuta kwa tupa au sandpepa anaacha kitu tofauti kabisa: kibonde kidogo, mikwaruzo inayoelekea upande mmoja, na uso unaong'aa kuliko jirani yake. Akipitisha asidi au rangi ya kijivu kuficha, mikwaruzo bado inaonekana ukiweka tochi pembeni, usawa wa meza, badala ya kuimulika kutoka juu.

Onyo la pili kuhusu tumbo: mwaka ulioandikwa pale ni wa kalibu. Gari la Matchbox lenye alama ya hakimiliki na 1972 linaweza kuwa limetengenezwa miaka mingi baadaye. Solido wao huandika mwezi na mwaka, na hiyo nayo ni tarehe ya modeli kuzaliwa. Muuzaji anayesema "ni la 1972, angalia chini" hajakuambia lolote.

---

#2 · Bandari43

Shukrani mkuu. Hilo la kiraka sikulijua lina maana, nilikuwa nadhani ni kasoro. Swali: ribiti. Kila anayeuza anasema "ribiti haijaguswa". Tunaangalia nini hasa?

---

#3 · Kalibu_ya_Zamani

Mkuu Bandari43, ribiti ya magari haya si kipande cha pembeni. Ni kiguzo kilichosubiwa pamoja na bodi, kikapita kwenye tundu la bamba la chini, halafu mashine ikakibonyeza au kukizungusha kichwa mpaka kikatanuka kama uyoga. Kwa hiyo chuma chake ni zamaki (aloi ya zinki) ileile ya bodi, kijivu kilichofifia.

Ili kulifungua gari, fundi anatoboa kichwa hicho kwa keekee. Kulifunga tena ana njia nne, na kila moja ina alama yake.

Anaweza kutoboa kiguzo na kutia skrubu ndogo ya milimita 2. Hii hata mtoto anaiona.

Anaweza kukata kichwa, akafunga kwa epoksi na kuunda kichwa cha bandia kwa epoksi hiyohiyo, kisha akapaka rangi ya fedha. Gusa kwa ncha ya sindano: kwenye zamaki inateleza, kwenye epoksi inazama kidogo.

Anaweza kubandika kichwa cha alumini kilichochongwa. Alumini ni nyeupe zaidi na inang'aa baridi. Weka ribiti mbili kwenye picha moja, ya mbele na ya nyuma, utaona tofauti kama moja tu ndiyo ilifanyiwa kazi.

Njia ngumu kuigundua ni ya nne: ametoboa kidogo tu, akatoa bamba, akarudisha na kukigonga kiguzo kilichobaki. Hapo kichwa kinakuwa chembamba kuliko kawaida, ukingo wake una nyufa kwa sababu zamaki haipendi kugongwa baridi mara ya pili, na bamba linacheza ukilishika kwa vidole viwili.

Kwa njia zote nne, angalia mduara wa mikwaruzo kuzunguka tundu. Keekee ikishapita kichwa inagusa bamba, na mwanzo wake huwa unateleza. Pia mulika ndani kupitia tundu la gurudumu: vumbi la chuma hubaki kwenye kona za kiti na kioo.

Jambo moja zaidi. Namna gari linavyofungwa imo ndani ya kalibu. Kama modeli ya Ulaya ilikuwa na ribiti mbili, ya Brazili kutoka kalibu ileile inatarajiwa iwe nazo mbili, mahali palepale. Ukikuta njia nyingine, dai maelezo.

---

#4 · Jicho_la_Rangi

Naingia kwenye rangi, maana ndiyo inayobeba bei. Rangi za Brazili mara nyingi haziko kwenye matoleo ya Ulaya, kwa hiyo kupiga rangi upya ndiyo feki rahisi na yenye faida kuliko zote.

Rangi ya kiwandani ilipigwa kabla ya kuunganisha. Bodi ikapakwa, ikachomwa kwenye oveni, ndipo vioo, viti na magurudumu vikawekwa. Kutokana na hilo:

Ribiti ya asili haina rangi juu yake, au ina rangi iliyokatika pale mashine ilipoibonyeza. Ribiti yenye rangi safi ya bodi imepakwa baada ya kufungwa.

Ndani ya paa na nyuma ya matao ya magurudumu kuna ukungu wa rangi ya bodi ambao haukukusudiwa, kwa sababu bunduki ya rangi ilifika humo. Ukikuta bodi ya kijani na ukungu wa bluu ndani, gari lilikuwa la bluu.

Mistari ya milango ni kipimo kizuri. Rangi ya kiwandani ni nyembamba na mstari unabaki mkali. Mtu wa spreyi anaweka andakoti, rangi mapigo mawili au matatu, halafu vanishi. Mistari inajaa, herufi ndogo zinalainika, na mpini wa mlango unageuka uvimbe tu.

Chips nazo zinasema. Gari lililochezewa hupoteza rangi kwenye kona za juu: paa, bampa, ukingo wa matao. Chini ya chip ya asili unaona zamaki iliyotiwa giza na umri. Chip iliyotengenezwa inaonyesha chuma cheupe kinachong'aa, au inaonyesha tabaka mbili za rangi. Tafuta kwa lenzi ya mara 10.

Kuhusu asetoni, kwa sababu najua mtu ataitaja. Inasaidia, ila itumieni kwa adabu. Chovya ncha ya kijiti cha meno, gusa sekunde moja mahali pasipoonekana, ndani ya tao la gurudumu, kisha futa kwenye karatasi nyeupe. Enameli iliyochomwa kwenye oveni haitoi kitu au inatoa kidogo sana. Spreyi ya akriliki au selulosi inalainika papo hapo na karatasi inapata rangi. Msiguse kioo wala kiti: asetoni inakula polistireni na hakuna kurudi nyuma. Na gari la mtu mwingine usilipime hivi bila ruhusa yake.

---

#5 · Kipimo_Safi

Niongeze vipimo kwa zile feki ambazo zimesubiwa kweli, yaani mtu amechukua gari halisi, akatengeneza kalibu ya mpira, akamimina.

Kila chuma hupungua kinapoganda. Zamaki hupungua takribani asilimia 0.6, na kalibu halisi ilichongwa kubwa kidogo kufidia hilo. Mwigaji anachukua gari lililokwisha pungua, anamimina tena, linapungua mara ya pili. Gari la milimita 72 linapoteza karibu milimita 0.4, na kalibu ya mpira ikiwa imebanwa vibaya linaweza kupoteza zaidi. Venia kalipa ya kawaida inaona tofauti hiyo.

Wengi wanakosea pa kupimia. Wanapima urefu wa nje, juu ya rangi, na rangi iliyopigwa upya inaongeza milimita 0.1 hadi 0.2, inaficha upungufu. Pima vitu vya ndani visivyo na rangi: umbali kati ya viguzo viwili vya ribiti, katikati hadi katikati, na umbali kati ya ekseli. Linganisha na gari la kalibu hiyohiyo, hata kama ni la Ulaya. Hapa ndipo kusafiri kwa kalibu kunatusaidia, kwa sababu Schuco ya Ujerumani iliyochakaa, ya bei ya chini, inakuwa rula ya kupimia Rei ya bei ya juu.

Uzito sasa. Zamaki ina takribani gramu 6.6 hadi 6.7 kwa sentimita ya ujazo. Metali nyeupe yenye bati nyingi inafika 7.3 na kuendelea, ikiwa na risasi nyingi inapanda zaidi. Rezini iko karibu 1.2. Kama una bodi peke yake unaweza kupima hivi:

1. Tumia mizani ya vito inayosoma gramu 0.01. Pima bodi kavu, andika.
2. Weka glasi ya maji juu ya mizani, tone moja la sabuni ya vyombo, kisha rudisha mizani kwenye sifuri.
3. Ning'iniza bodi kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini wala ukuta. Itikise viputo vya hewa vitoke.
4. Namba unayosoma ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito kavu kwa namba hiyo.

Bodi ya gramu 30 ya zamaki itasoma karibu 4.5. Bodi ya gramu 30 ya metali ya bati itasoma karibu 4.1. Bodi ya ujazo wa 4.5 kwa rezini ingekuwa na gramu 5 na kitu tu, ndiyo maana waigaji wa rezini huficha kipande cha risasi chini ya kiti. Ukishika gari na uzito wote uko katikati chini, huku paa ni jepesi na linatoa mlio wa plastiki ukiligonga kwa kucha, umelijua.

Gari zima lililofungwa msilizamishe. Maji yanabaki ndani, ekseli za chuma zinashika kutu, lebo zinatoka.

Alama za macho kwa gari lililomiminwa kwenye mpira: vitundu vidogo kama vya mkate kwenye uso wa ndani, mstari wa kuungana usionyooka, na kukosekana kwa miduara ya pini. Kalibu ya chuma ya kiwandani ina pini zinazosukuma gari litoke; zinaacha miduara bapa ndani ya paa na chini ya boneti. Mwigaji akikopi ndani pia, miduara inaonekana lakini ukingo wake ni wa mviringo laini badala ya kuwa mkali.

---

#6 · MamaMaboksi

Habari zenu. Nimeona mmeshika chuma vizuri, mie niseme ya karatasi. Boksi la Brazili ni hati. Limejaa tarehe ambazo mwigaji hazijui.

Msimbo wa posta, wao wanauita *CEP*. Ulianza 1971 ukiwa na tarakimu 5. Mwaka 1992 ukawa 8, tano, kistari, tatu. Boksi la "1978" lenye anwani ya tarakimu 8 ni la uongo.

Namba ya kampuni. Ilikuwa *CGC*. Mwaka 1998 ikabadilishwa kuwa *CNPJ*. Herufi CNPJ kwenye boksi la gari la miaka ya 1970 zinamaliza mjadala.

Bakodi. Bidhaa za Brazili zinaanza na 789 au 790, na mfumo huo uliingia huko katikati ya miaka ya 1980. Boksi lenye bakodi linalodaiwa kuwa la miaka ya 1970 si la wakati huo.

Muhuri wa *INMETRO*, taasisi ya vipimo na ubora ya Brazili. Ukaguzi wa lazima wa vitu vya kuchezea ulianza 1992. Kuwepo kwake kunalifanya boksi kuwa la baadaye. Kutokuwepo ni kawaida kwa ya zamani, asikutishe mtu.

Bei iliyobandikwa. *NCr$* ni cruzeiro novo, 1967 hadi 1970. *Cr$* ni cruzeiro, 1970 hadi 1986, ikarudi tena 1990 hadi 1993. *Cz$* ni cruzado, 1986 hadi 1989. *NCz$*, 1989 hadi 1990. *R$* ni kuanzia Julai 1994. Hapa muwe na akili ya duka: stika ya Cz$ kwenye boksi la mwisho wa miaka ya 1970 si lazima iwe feki, kwa sababu mali iliyolala dukani ilibandikwa bei upya na mfumuko wa bei ulikuwa mkali. Lakini stika ya NCr$ juu ya gari la VW Brasília haiwezekani, kwani Brasília yenyewe ilitoka 1973.

Tahajia. Napenda hii kuliko zote. Kireno cha Brazili kilifanyiwa marekebisho Desemba 1971, alama nyingi zikaondolewa: *côr* ikawa *cor*, *êle* ikawa *ele*. Kilibadilishwa tena 2009: *idéia* ikawa *ideia*, na nukta mbili juu ya *ü* zikaondoka. Boksi linalodaiwa kuwa la 1980 lenye tahajia ya baada ya 2009 limeandikwa kwenye kompyuta ya leo.

Yote haya yanakata upande mmoja tu. Alama ya baadaye inathibitisha kuwa boksi si la zamani. Alama ya zamani haithibitishi chochote, maana anayekopi boksi halisi kwa skana anakopi na CEP ya tarakimu 5.

Kwa zilizoskaniwa, chukua lenzi. Maandishi na rangi za bapa kwenye uchapaji wa zamani zilichapwa kwa wino wa rangi hiyohiyo: nyekundu ni nyekundu tupu, ukingo wa herufi ni safi. Nakala ya skana inavunja kila kitu kuwa vitone, hata herufi nyeusi. Tona ya leza inapasuka na kubanduka kwenye mkunjo. Wino wa printa ya kawaida huachia rangi ukigusa kwa pamba yenye unyevu kidogo kwenye ulimi wa ndani wa boksi.

Na herufi zenyewe. Wanaochora boksi upya hutumia Arial, ambayo imeenea kwenye kompyuta tangu Windows ya 1992. Zamani wachapaji walitumia Helvetica au zinazofanana nayo. Tazama *t* ndogo: kwenye Arial kichwa chake kimekatwa mshazari, kwenye Helvetica kimekatwa sawa. Tazama *R*: mguu wa Arial unaenda mshazari, wa Helvetica unashuka wima.

---

#7 · Bandari43

MamaMaboksi, shukrani sana, hiyo ya CNPJ nimeiandika ukutani. Vipi taa ya UV? Kuna muuzaji anasema boksi liking'aa bluu chini ya taa ni feki moja kwa moja.

---

#8 · MamaMaboksi

Si kweli mwanangu. Dawa za kung'arisha karatasi zilianza kuenea tangu miaka ya 1950. Karatasi nyeupe ya 1978 inaweza kung'aa vizuri tu. Kanuni hiyo wanaitumia watu wa nyaraka za kabla ya Vita Kuu ya Pili, nao wako sahihi kwa nyaraka zao. Kwenye boksi letu haina kazi kama hukumu.

Inafanya kazi kama kulinganisha. Ulimi mmoja unang'aa na mingine haing'ai: ulimi umebadilishwa. Plastiki ya dirisha ina mstari wa gundi unaong'aa: dirisha ni jipya.

---

#9 · Jicho_la_Rangi

Naunga mkono, na kwenye gari vilevile. Taa ya nanomita 365 inaonyesha kiraka cha rangi kilichoongezwa, epoksi kwenye ribiti, na vanishi. Haikuambii mwaka. Kingine cha kutafuta kwenye vioo: ukungu mweupe pembezoni. Ni mvuke wa supaglu. Kiwanda hakikutumia supaglu kushikilia kioo, kilibanwa na kiti na bamba la chini. Ukungu huo unamaanisha gari lilifunguliwa.

---

#10 · Kalibu_ya_Zamani

Nirudi kwenye tarehe, kwa sababu majina ya kampuni mama nayo yanasaidia. Superfast zilianza 1969, kwa hiyo hakuna Superfast ya Brazili ya 1967. Lesney, wenye Matchbox, walifilisika Juni 1982 na jina likanunuliwa na Universal. Bamba lenye jina la Lesney na bamba lisilo nalo ni vipindi viwili tofauti. Corgi Juniors ni jina la kuanzia 1970, kabla ya hapo ziliitwa Husky. Mettoy, wenye Corgi, walianguka 1983.

Na kwa modeli za magari ya Brazili kabisa, anza na gari kubwa lenyewe. Opala ya Chevrolet na Corcel ya Ford zilitoka 1968, SP2 ya Volkswagen 1972, Brasília 1973. Mchezo hauwezi kumtangulia mama yake.

---

#11 · Ziwa_Kuu

Wakuu naomba kuuliza, Buby na Muky nazo tunaziweka hapa? Nimeona zinauzwa kama za Brazili. Na pia kuna Opala ya 1:43 nzuri mno, imechorwa mpaka namba za gari, muuzaji anasema ni ya miaka ya 1970.

---

#12 · Kipimo_Safi

Buby na Muky ni za Argentina. Ni za thamani kwa haki yake, lakini tumboni wameandika *Industria Argentina*. Angalieni lugha: Kihispania *Industria* hakina alama juu ya u, Kireno *Indústria* kinayo, ingawa kwenye herufi ndogo za kusubu alama hiyo wakati mwingine haionekani. Neno linalofuata ndilo la kuamini.

Hiyo Opala mkuu, kwa maelezo yako, ni ya mfululizo uliouzwa na majarida kwenye vibanda vya magazeti vya Brazili katika karne hii, zikitengenezwa Asia. Geuza: utakuta tundu mbili za skrubu zilizokuwa zikilifunga kwenye kibao cheusi, na mahali ambapo maandishi yamekwanguliwa. Namba za gari zilizochapwa kwa usafi huo, taa za plastiki za kupachika na vifuta-vioo vilivyochorwa kwa mistari myembamba kama nywele si kazi ya kiwanda cha vitu vya kuchezea watoto cha 1975. Ni modeli nzuri, ila bei yake ni nyingine kabisa.

---

#13 · PwaniKavu

Nami niongeze la kutunza, hasa sisi wa Mombasa, Tanga, Dar, Unguja na wenzetu wa Maskati, kwa sababu unyevu wetu unamaliza magari haya kimyakimya.

Ugonjwa mkubwa ni wa zamaki yenyewe. Zamaki safi ni zinki yenye takribani asilimia 4 ya alumini. Risasi au bati kidogo mno ikiingia kwenye chungu, kiasi cha sehemu chache za elfu za asilimia moja, chuma kinaanza kuliwa kwenye mipaka ya chembe zake, na unyevu na joto vinaharakisha. Kiwanda kilichoyeyusha mabaki bila kuyachambua kilijiwekea sumu. Dalili: nyufa kama utando wa buibui, mlango uliokuwa unafunga haufungi tena, bamba limepinda kwa sababu bodi imevimba na kurefuka. Hakuna dawa. Hauambukizi gari la jirani, hofu hiyo iacheni. Lakini usinunue gari lenye nyufa hizo kwa bei ya zima, litaendelea kuvunjika.

Ugonjwa huo msiuchanganye na unga mweupe wa juujuu, ambao ni kutu ya zinki tu na unafutika.

Hifadhi: kontena la plastiki ya polipropilini lenye mfuniko wa mpira, lita 20, weka gramu 100 za silika jeli ya rangi ya chungwa na kipima-unyevu kidogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Jeli ikibadilika rangi, irudishe oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili. Kabati la mbao mbichi au MDF linatoa mvuke wa asidi unaokula zinki na risasi. Kama ndilo ulilonalo, liache wazi wiki kadhaa na usilifunge kabisa.

Matairi laini ya PVC yanatoa mafuta yanayoyeyusha polistireni. Tairi likigusa rimu ya polistireni au sakafu ya kasha la onyesho kwa miaka, linaacha kidonda. Weka kipande cha filamu ya poliesta chini ya magurudumu. Na plastiki ya viputo isiguse rangi moja kwa moja, inaacha miduara. Funga kwanza karatasi laini isiyo na asidi, viputo baadaye.

---

#14 · Bandari43

La mwisho kwangu. Nikiwa nanunua kwa mbali, kwa mfano Mercado Livre, lile soko la mtandaoni la Brazili, siwezi kushika gari. Niombe picha gani, na maneno gani ya Kireno yaniwashe taa nyekundu?

---

#15 · Kalibu_ya_Zamani

Maneno: *repintado* limepigwa rangi upya. *Restaurado* limerekebishwa, mara nyingi na rangi humo. *Customizado* limebadilishwa kwa kupenda. *Réplica* ni nakala. *Caixa repro* ni boksi lililochapwa upya. *Base trocada* bamba la chini limebadilishwa. Muuzaji mwaminifu huandika mwenyewe. *Original de época* ndiyo dai la uhalisi, na ndilo la kuhoji. Uliza moja kwa moja: *Os rebites são originais?* yaani ribiti ni za asili? Na *Já foi aberto?* limewahi kufunguliwa? Jibu lije kwa maandishi ndani ya mfumo wa mauzo, usilipokee kwa simu.

Picha, kwa mpangilio huu: tumbo zima likiwa limemulikwa kutoka pembeni, kila ribiti peke yake kwa karibu, ndani ya tao la gurudumu moja la nyuma, ncha za ekseli, ndani ya paa kupitia dirisha, gari juu ya mizani namba ikionekana, boksi likiwa limefunguliwa ndimi zote. Ncha za ekseli nimeziweka kwa sababu hazikutajwa: za kiwandani zimetanuliwa kwa mashine na zinafanana zote nne. Zilizobadilishwa zimekatwa bapa kwa koleo, au upande mmoja una kichwa na mwingine umeshikwa na gundi.

Muuzaji akituma picha sita na kuiacha ya ribiti ya nyuma, iombe tena kwa heshima mara moja. Asipotuma, usilipe.

---

#16 · Ziwa_Kuu

Nimeomba picha za ile Rei ya kijani niliyokuwa naifuatilia. Ribiti ya mbele kijivu, ya nyuma nyeupe inang'aa, na ndani ya tao kuna bluu.

---

#17 · Jicho_la_Rangi

Hiyo mkuu ilikuwa bluu, na imefunguliwa angalau kwa nyuma. Omba sasa picha ya bamba tochi ikiwa pembeni, tuone kiraka. Kama kiraka kina ukingo mkali na chembe za kusubu, bamba ni la Brazili na kilichobadilika ni rangi. Hapo bado ina bei ya vipuri, kwa sababu bamba na magurudumu yatamfaa mtu mwenye bodi yake iliyobaki.